Maji yameingia kitongojini na wewe huna cheo: namna ya kuongoza watu wakati wa maafa

Ukimwambia mtu wa Dar es Salaam kwamba Dodoma kuna mafuriko, anacheka. Sisi tunajulikana kwa ukame, vumbi na zabibu. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na sehemu nyingi za mkoa hazifiki milimita 700 kwa mwaka. Shida ni kwamba mvua hiyo chache hupenda kumwagika kwa mkupuo. Ardhi ngumu isiyo na majani hainywi maji, na korongo lililokuwa mchanga mtupu asubuhi, kina mama wakichota maji kwenye visima vya kufukua, jioni linabeba ng'ombe. Mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010 mafuriko yaliwatoa maelfu ya watu majumbani mwao Kilosa na Mpwapwa, na reli ya kati ikakatika kati ya Kilosa na Gulwe. Tarehe 3 Desemba 2023 tope, mawe na magogo viliporomoka kutoka Mlima Hanang vikafunika sehemu ya mji mdogo wa Katesh. Na watu wa Mpwapwa hawajasahau Juni 24, 2002, treni ya abiria iliporudi nyuma karibu na Igandu ikagongana na treni ya mizigo, wakafa zaidi ya watu 280.

Katika maafa ya namna hiyo, saa za mwanzo ni za majirani. Barabara imekatika, gari la uokoaji liko mbali, na mwenyekiti wa kijiji pengine naye anatafuta watoto wake. Ndipo watu wanamgeukia mama lishe, mwalimu, bodaboda au fundi baiskeli na kumuuliza, "Sasa tufanyeje?" Mwongozo huu ni wa huyo aliyeulizwa.

Msimamo wangu niuseme mapema. Watu husifia ujasiri na sauti nzito, na kweli vinasaidia kwa saa mbili tatu. Lakini kufika siku ya tatu, watu watakuwa wanamfuata yule mwenye daftari na kalamu, anayejua nani yupo na nani hayupo, na anayesoma alichoandika mbele ya kila mtu bila kuficha. Sifa ninayoitafuta kwa kiongozi wa maafa ni uaminifu katika hesabu. Mengine hujengeka juu ya hapo.

Hatua ya kwanza: andika watu kabla hakujanyesha

Kazi hii ni ya Septemba na Oktoba, wakati watu wanaandaa mashamba. Nenda kwanza kwa mwenyekiti wa kitongoji, au wa mtaa kama uko mjini, umweleze unachotaka kufanya. Usiruke hatua hiyo. Ukipita nyumba kwa nyumba na daftari bila yeye kujua, swali la kwanza litakuwa, "Hii ni TASAF?" na la pili, "Umetumwa na chama gani?" Ukipita naye au na balozi, watu watatoa majibu ya kweli.

Usiandike namba za vitambulisho wala mambo ya fedha, hayakuhusu. Andika kile utakachokihitaji usiku wa mvua. Ukurasa mmoja unaweza kusomeka hivi:

"Nyumba ya pili baada ya mashine ya kusaga. Bibi, haoni vizuri. Wajukuu watatu, mdogo ana miaka miwili. Mama yao anauza maandazi stendi, hurudi saa mbili usiku. Tembe, ukuta wa nyuma umepasuka. Simu: ya jirani."

Mistari hiyo michache inakuambia nani abebwe, nani asitafutwe kwenye kifusi kwa sababu alikuwa stendi, na nyumba ipi itaanguka mapema. Kurasa za mwisho za daftari zitunze kwa ajili ya msaada uliopo: nani ana pikipiki, nani ana kamba ndefu, majembe na machepeo yako wapi, nesi mstaafu anakaa wapi, duka gani lina sola ya kuchajia simu, nani anajua kuogelea (kwetu ni wachache, kwa hiyo waandike kwa majina). Daftari lifungwe kwenye mfuko wa nailoni, na mtu mwingine mmoja awe na nakala.

Msimu ukikaribia, fuatilia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Hutolewa kwenye redio na mitandao, na wakitoa tahadhari ya mvua kubwa wanataja mikoa. Wanaolala kandokando ya korongo wajue siku hiyo watalala kwa nani. Kumwomba ndugu hifadhi mchana, kabla ya mawingu, hakuna aibu kama kugonga mlango wake saa nane usiku na watoto watano.

Hatua ya pili: saa ya kwanza, toa kazi kwa majina

Kundi la watu wenye hofu halitekelezi amri ya jumla. Ukipiga kelele "Jamani mtu apige simu!" kila mmoja atadhani mwenzake amepiga. Mnyooshee mtu kidole: "Wewe kaka mwenye shati la njano, piga 114, usikate hadi wapokee. Dada, wewe pandisha watoto wote kule shuleni, uwahesabu mlangoni. Mzee, shikamoo, naomba ukae hapa njiani, mtu yeyote asivuke korongo."

Huyo mzee wa mwisho ana kazi kubwa kuliko inavyoonekana. Maji ya magotini yanayokwenda kasi yanatosha kumwangusha mtu mzima, na ya korongo hubeba magogo na mawe usiyoyaona. Wengi hufa wakivuka kurudi kuchukua godoro, mbuzi au simu. Anayezuia njia awe mtu ambaye vijana wanamwonea haya. Mgambo naye anafaa, lakini babu aliyewafundisha baba zao kuchunga huwa na nguvu zaidi.

Tembe nazo ziangaliwe. Paa la udongo likinyonya maji usiku kucha linakuwa zito kuliko nguzo zinavyoweza kubeba, na mara nyingine huanguka mvua ikiwa imeshakatika, watu wakiwa wamerudi kulala. Waliomo watoke, hata wakibisha. Nguzo ya umeme iliyolala au waya uliogusa maji usiusogelee wala usimruhusu fundi wa mtaani "ajaribu kidogo". Itolewe taarifa TANESCO.

114 ni Zimamoto na Uokoaji, 112 ni polisi. Anayepiga aandae maneno kabla, maana mtandao unaweza kukatika baada ya nusu dakika. Aanze na mahali: kitongoji, kijiji, kata, wilaya. Kisha kilichotokea na saa ngapi. Kisha watu: walioumia, walionasa, walio nje bila makazi. Kisha njia: "Daraja dogo la kuingilia limekatika, pikipiki inapita upande wa shule." Mwisho namba ya pili ya kupiga kama hii itazima. Mtu anayelia kwenye simu dakika tatu bila kutaja kata amepoteza chaji.

Hatua ya tatu: hesabu

Hapa ndipo nitakapokaa kidogo.

Watu wakishakusanyika mahali pa juu, shuleni, kanisani au msikitini, fungua daftari. Chora sehemu tatu: waliopo, walioko kwingine tunakojua, na wasiojulikana walipo. Usiulize umati "Nani hayupo?" maana utapata majina kumi ya mtu mmoja. Muulize kila mtu aliyelala kwenye nyumba, mmoja mmoja.

"Mama, pole sana. Jana usiku mlilala wangapi?"
"Saba."
"Hapa naona watano."
"Huyu mkubwa yuko na ng'ombe, walihamia mbugani wiki iliyopita. Na mdogo analala kwa bibi yake."
"Bibi yake ni yule wa karibu na kisima?"
"Huyo huyo."

Maswali mawili matatu tu, na watu wawili waliokuwa "wamepotea" wamepatikana, mmoja kwa hakika na mwingine wa kwenda kumwangalia. Hivyo ndivyo orodha inavyopungua. Huku kwetu vijana wako malishoni, watoto wanalala kwa bibi, baba amekwenda kibarua Kibaigwa. Asiyezijua desturi hizo atatangaza watu arobaini hawaonekani, redio itachukua, na ndugu walioko Dar watazimia bure. Waokoaji nao watachimba nyumba isiyo na mtu wakati iliyo na watu iko nyuma yake.

Sheria moja usiivunje: wewe hutangazi kifo. Mwili ukipatikana, ufunikwe, aandikwe alipopatikana na alivyovaa, na kazi ya kuthibitisha iachwe kwa daktari na polisi. Familia iambiwe faraghani, na mtu wanayemheshimu, kabla ya jina kusikika uwanjani. Picha za marehemu zisipigwe. Kijana akishapiga, mwambie azifute mbele yako, hapo usibembeleze.

Rudia hesabu jioni na asubuhi. Watu wanahama, wanarudi, wanachukuliwa na ndugu. Ukiulizwa na yeyote, mkuu wa wilaya au mtoto wa darasa la tatu, jibu liwe lile lile na liwe na saa: "Mpaka saa kumi na mbili jioni, wasiojulikana walipo ni wanne."

Hatua ya nne: sema unachojua, na saa ya kusema tena

Pasipo taarifa, uvumi unajaza nafasi. Kwenye kundi la WhatsApp utasikia bwawa limepasuka, maji mengine yanakuja, misaada imekuja ikapelekwa kijiji cha jirani. Kukanusha kila uvumi mmoja mmoja ni kazi isiyoisha. Dawa yake ni kuwa na saa maalumu: mathalani saa moja asubuhi na saa kumi na moja jioni, chini ya mti ule ule. Unasema tunachojua, tusichojua, kinachofanyika, na saa ya kuonana tena. Hata kama hakuna jipya, njoo useme hakuna jipya. Siku ukiacha kutokea ndiyo siku watu wataanza kupanga safari zao wenyewe gizani.

Tumia kipaza sauti cha msikiti na kengele ya kanisa. Na tafuta mtu wa kurudia maneno kwa Kigogo, Kirangi au Kisandawe kulingana na mlipo. Bibi akiambiwa kwa lugha yake kwamba maji ya kisima hayanyweki, atawaambia wajukuu wote. Akiambiwa kwa Kiswahili cha redio ataitikia tu kwa heshima.

Wanaosambaza uongo wakumbushwe kwa upole kwamba kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Mara nyingi kumtaja mtu jina mbele ya shangazi zake kunatosha.

Hatua ya tano: maji na choo vitangulie sufuria

Kila mtu atawaza chakula kwanza. Mtu mzima anaweza kulala njaa na akaamka. Mtoto aliyepata kipindupindu anaweza kufa siku hiyo hiyo. Baada ya mafuriko, visima vya mchangani vinakuwa vimeingiliwa na uchafu wa vyoo vyote vya juu yake. Kwa hiyo siku ya kwanza, kabla ya jua kuzama, vijana wachimbe choo, angalau mita 30 kutoka chanzo cha maji. Viwango vya kimataifa vya misaada vinakubali choo kimoja kwa watu 50 mwanzoni mwa dharura, kisha mshuke hadi kimoja kwa watu 20. Cha wanawake kiwe upande wake na njia yake iwe na mwanga.

Maji ya kunywa yachemshwe hadi yatokote, au yatiwe vidonge vya kutibu maji kama vipo. Viwango hivyo hivyo vinahesabu lita 15 kwa mtu kwa siku kwa kunywa, kupika na kunawa. Kwa kambi ya watu 200 hizo ni lita 3,000, yaani ndoo 150 za lita 20. Ukishaipiga hesabu hiyo mbele ya watu, hutahitaji kueleza kwa nini unaomba mkokoteni wa punda na siyo blanketi zaidi. Vibuyu chirizi vya kunawia mikono vifungwe mlangoni mwa choo. Watoto wa shule wanajua kuvitengeneza kwa dumu na kamba, wape kazi hiyo.

Anayeharisha maji meupe kama ya kuoshea mchele apelekwe kituo cha afya mara moja, huku akinyweshwa njiani. Pakiti za ORS zikikosekana, changanya lita moja ya maji safi, vijiko vya chai sita vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kufuta, visirundikwe. Chumvi ikizidi ni hatari kwa mtoto, kwa hiyo apime mtu mmoja aliyefundishwa.

Hatua ya sita: kugawa chakula

Ukitaka kujua kama mtu ni kiongozi, mwangalie siku ya kugawa unga. Ugomvi mwingi wa kambini hautokani na uchache wa chakula. Hutokana na kutojua fulani amepata ngapi.

Kwanza, gawa kwa vichwa. Kaya ya watu tisa na kaya ya watu watatu zikipewa debe moja moja, umedhulumu. Pili, jihadhari na neno "kaya" lenyewe. Kwenye familia ya mitara, ukimwandika baba na kumkabidhi gunia, umemwachia kazi ya kugawa kati ya wake watatu, na hujui moyo wake umelala wapi. Andika kwa jiko: kila mama anayepika chungu chake ni mstari wake, na watoto wanaokula chungu hicho. Wababa watanung'unika. Waambie ndivyo inavyoandikwa kwa wote, mwenye mke mmoja na mwenye wanne.

Tatu, kipimo kiwe kimoja na kionekane. Chukua sado moja, ipimwe mbele ya watu, ifutwe kwa ubao kila inapojazwa. Anayepima asiwe anayeandika, na anayeandika asiwe anayeita majina. Jina linaitwa kwa sauti, pamoja na idadi: "Watu sita, sado mbili." Mtu akisikia idadi isiyo kweli, aseme hapo hapo. Siku ya kwanza itachukua nusu siku na mtachoshwa na mabishano. Siku ya pili yatapungua kwa sababu uongo wote ulishasemwa ukajibiwa.

Na wewe je? Wapo wanaofundisha kwamba kiongozi ale mwisho. Mimi siafiki. Ukijiweka mwisho kila siku, watu wa kwetu hawataona unyenyekevu, watajiuliza una akiba gani nyumbani. Jina lako liitwe pale lilipoangukia kwenye orodha, ubebe sado yako kama jirani zako, kila mtu aone.

Wazee wasiojiweza, wajawazito na wenye ulemavu wasipange foleni juani. Wapelekewe, na aliyepeleka aandikwe.

Nafaka iliyolowa inahitaji ujasiri wa aina nyingine. Mahindi yaliyotolewa ghalani au kwenye kilindo yakiwa na maji hupata fangasi upesi, na fangasi hao hutoa sumukuvu. Mwaka 2016 watu waliugua na kufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Kupika hakuiondoi, wala kusaga, wala kupikia pombe. Mama aliyepoteza nyumba ana gunia moja lililobaki, limeanza kunuka ukungu, na wewe unamwambia alitupe. Usimwambie mikono mitupu. Mpe kwanza zamu yake ya unga mkavu, kisha mkalizike wote wawili, maana likiachwa pembeni litaliwa usiku au litapewa kuku. Yaliyolowa kidogo na hayajabadilika yaanikwe siku hiyo hiyo juu ya turubai, siyo juu ya udongo.

Kuhusu wageni wanaoleta msaada: wapokee kwa shukrani, andika nini kimeletwa, kiasi gani na nani ameshuhudia, wasaini, nawe usaini. Wakitaka kupiga picha, waliopigwa wakubali kwanza. Na kama wanauliza walete nini, wajibu kwa vitu: ndoo zenye mfuniko, sabuni, turubai, taulo za kike, tochi. Usipowaambia, wataleta nguo za mitumba za baridi kali na mtakosa mahali pa kuzihifadhi.

Hatua ya saba: usiku

Mchana kila mtu anaonekana. Maovu ya kambini hufanyika baada ya saa mbili. Familia zilale pamoja. Madarasa ya wanawake wasio na waume na watoto yawe karibu na mwanga na yawe na kina mama wawili wa zamu. Tangaza wazi, kwa maneno yasiyopindapinda, kwamba unga, turubai na nafasi ya kulala havilipiwi kwa pesa wala kwa mwili, na anayeombwa aseme kwa nani. Taja mtu huyo jina, na awe mwanamke. Polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto, na 116 ni simu ya huduma kwa mtoto.

Mtoto aliyepatikana peke yake asikabidhiwe kwa mtu anayesema "mimi ni mjomba wake" mpaka mtoto mwenyewe amtambue na mtu mzima mwingine wa kitongoji athibitishe. Jina la aliyemchukua, anakoishi na namba yake ya simu viandikwe, na afisa ustawi wa jamii ajulishwe.

Hatua ya nane: njaa haina kelele

Yote niliyosema yanahusu maafa yanayokuja na kishindo. Ila maafa ya asili ya Ugogo ni njaa, na njaa inatembea taratibu. Wazee waliiita ya 1918 hadi 1920 Mtunya. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imepita hapa. Majeshi ya Wajerumani na kisha ya Waingereza yalichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, halafu mvua ikagoma. Maelfu ya Wagogo walikufa. Chakula kilikuwa kimeondoka muda mrefu kabla ya mvua kukosekana, na ndiyo sababu naamini kiongozi wa wakati wa njaa ni yule anayeona mapema.

Dalili zake zinaonekana mnadani kabla ya kuonekana jikoni. Mahindi yanapanda bei kwenye soko la Kibaigwa na ng'ombe wanashuka bei kwenye mnada wa karibu nawe: gunia moja lililokuwa mbuzi wawili sasa ni mbuzi wanne. Watu wanauza majike. Wanakula mbegu. Wanaume wanaondoka kutafuta vibarua na hawatumi kitu. Mwalimu anakuambia darasa la asubuhi limepungua. Andika dalili hizo kila wiki kwenye daftari lile lile, na tarehe.

Mwombe mhudumu wa afya ngazi ya jamii apite na utepe wa kupimia mkono wa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5. Chini ya sentimita 11.5 mtoto ana utapiamlo mkali, aende kituo cha afya leo. Kati ya hapo na 12.5 anahitaji kufuatiliwa. Idadi hizo, pamoja na bei za mnadani, ziingie kwenye barua ya serikali ya kijiji kwenda kata na wilaya. Barua inayosema "wananchi wana hali mbaya" huishia kwenye faili. Inayosema "kati ya watoto 60 waliopimwa, 9 wako chini ya 12.5, na kaya 41 zimemaliza mbegu" inamlazimu mtu kujibu. Ipelekwe mapema, maana kupata mahindi ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula kuna taratibu zake, na taratibu huchukua wiki.

Hatua ya tisa: wenye dhamana wakifika

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati kuanzia taifa hadi kijiji na mtaa. Wakifika, kazi yako inabadilika. Usianze kushindana nao uwanjani, hata kama wamechelewa na hata kama wanaanza kuuliza upya uliyokwisha kuyaandika.

"Shikamoo mtendaji. Hii ni orodha ya kitongoji chetu mpaka leo asubuhi. Waliopo, waliokwenda kwa ndugu, na wawili ambao bado. Unga uliopokelewa na uliogawiwa uko ukurasa huu, mashahidi wamesaini. Ninaomba tu tuendelee kugawa kwa jiko, watu wameshazoea."

Ombi moja, lile la muhimu zaidi, lililofungwa na takwimu. Ukipeleka manane watayasahau yote. Wape nakala au waipige picha, daftari lenyewe baki nalo. Wakikuweka kwenye kamati, nenda. Wasipokuweka, endelea na zamu ya maji.

Lala. Mtu ambaye hajalala usiku mbili anafokea bibi na kukosea hesabu. Tangu siku ya kwanza uwe na mwenzako anayejua kila kilichomo kwenye daftari, na watu wamzoee kumwona akiita majina.

Maji yakishuka, wengi watagundua wamepoteza vitambulisho vya NIDA, vyeti vya kuzaliwa, kadi za kliniki na hati za viwanja. Wapange watu kwa makundi ya mahitaji: wa kwenda polisi kutoa taarifa ya upotevu, wa RITA, wa NIDA, wa kliniki. Mtendaji atahitaji kuandika barua ya utambulisho kwa kila mmoja, na ataandika haraka zaidi akiwa na ukurasa unaoonyesha mtu huyo alikuwa akiishi wapi, na nani, kabla ya mvua. Anzeni na kadi za watoto walio chini ya mwaka mmoja, ili nesi ajue chanjo ipi inafuata.